Vidonge vya Miaka Mitano
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kaloleni)



Tukikutana hapa huwa twasema habari za mishahara na nyumba. Leo twasema juu ya saratani ya matiti. Ndiyo saratani inayowapata wanawake wa Kenya kuliko nyingine zote. Wanaume nao huipata, kama mmoja katika wagonjwa 100.

Mama mmoja jirani yetu alikatwa titi, akamaliza na dawa za dripu, kisha akapewa vidonge vya kumeza kila siku. Baada ya mwaka mmoja na nusu akaviacha. Hakuwa na maumivu, na karo ya watoto ilitakiwa. Sisi majirani tulimpongeza, tukasema amepona. Ugonjwa umerudi. Kosa ni letu pia, maana hatukujua vidonge vile ni vya nini.

Basi tuliuliza, tukaelezwa hivi. Mwilini mna homoni iitwayo estrojeni. Saratani nyingi za matiti huitumia ili zikue, kama garimoshi la zamani lilivyotumia makaa. Mwaka 1896 Daktari George Beatson wa Glasgow alionyesha kwamba wagonjwa wengine hupata nafuu wakiondolewa mifuko ya mayai ya uzazi. Dawa ya tamoksifeni, iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1962 na kuanza kutumiwa kwa ugonjwa huu katika miaka ya 1970, huziba mahali homoni inaposhika kwenye chembe ya saratani. Waliokoma hedhi huweza kupewa anastrozoli, ambayo hupunguza homoni yenyewe.

Shikeni mambo matatu.

Kwanza, dawa hizi hazimfai kila mgonjwa. Kipande cha uvimbe hupimwa maabara ili ijulikane kama saratani hiyo inatumia homoni. Muulizeni daktari: "Kipimo cha homoni kimefanywa? Kimeonyesha nini?" Msiondoke bila jibu.

Pili, vidonge ni vya kila siku kwa miaka 5, na wengine 10. Kwa wale ambao saratani yao inatumia homoni, miaka 5 ya tamoksifeni hupunguza vifo kwa karibu theluthi moja. Kukosa maumivu si alama kwamba dawa imemaliza kazi.

Tatu, dawa huweza kuleta joto la ghafla na kuvuruga hedhi. Mwambie daktari, usiache kimya kimya. Lakini mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikibana, au damu ikitoka baada ya hedhi kukoma, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Tamoksifeni haifai kwa mwenye mimba.

Ndugu, tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya jamii. Tuna haki ya kuuliza bima hiyo inalipa nini katika kipimo hiki na vidonge hivi. Anayenyimwa ruhusa ya kwenda kliniki na alete habari kwa mwakilishi wake, asinyamaze.

Na sisi waume, fedha zikipungua nyumbani, dawa ya mama isiwe ya kwanza kukatwa. Tukijua jirani anameza vidonge, tusimwambie amepona. Tumwulize: "Mama, leo umemeza?"

Umoja ni nguvu.