Kuwasaidia Watafutao Kazi Katika Thika na Ruiru

Hotuba iliyosomwa na karani, kwa niaba ya Halmashauri, mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetuagiza tuseme machache juu ya jambo lililozungumzwa mara nyingi mwaka huu, nalo ni msaada upasao kutolewa na chama hiki kwa watu wetu watafutao kazi. Tutajitahidi kulieleza wazi, kwa kuwa baadaye mtaombwa kuinua mikono, na si haki mtu ainue mkono kwa jambo asilolielewa.

Kila apitaye penye malango ya viwanda mjini Thika saa kumi na mbili asubuhi amewaona. Wamesimama kando ya barabara, wengine wamevaa koti la Jumapili, bahasha mkononi. Msimamizi hutoka, huchagua kumi au kumi na wawili, na waliobaki hurudi Makongeni au Kiandutu kwa miguu. Ruiru mambo ni yayo hayo, ila watu ni wengi zaidi. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta watu 251,407 katika mji wa Thika na 490,120 katika Ruiru, hata Ruiru ikahesabiwa kuwa mji wa nne kwa wingi wa watu katika Kenya nzima. Wakati huohuo mashamba mengi ya kahawa yaliyokuwa yakiandika wachumaji yamekatwa viwanja vya nyumba, na viwanda vya nguo vya Thika vilipungukiwa sana na kazi tangu miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa na mitumba ikaingia. Hatusemi hayo kwa kulalamika. Mafuta ya kupikia yangali yakitengenezwa hapa, mananasi yangali yakitiwa mikebeni, chuma kingali kikiyeyushwa Ruiru. Twasema tu kwamba kijana akaaye nyumbani si lazima awe mvivu, ijapokuwa wavivu nao wapo, na tunawajua.

Wazee wetu mlisimuliwa na baba zenu habari za kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumiwa vita vilipokwisha, mwaka 1919 na 1920. Mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi alilazimishwa kuchukua karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri wake na mshahara wake, nayo ikatiwa katika kikasha cha bati kilichoning'inia shingoni. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, mtu huyo hakuweza kuandikwa kazi kwingine. Harry Thuku, aliyekuwa akifanya kazi ya simu katika Hazina mjini Nairobi, alilipinga jambo hilo pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara, akakamatwa mwezi wa Machi 1922, na watu waliokusanyika kudai aachiliwe wakapigwa risasi. Kipande kiliondolewa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, lakini Hali ya Hatari ya 1952 hadi 1960 ilileta pasi nyingine, na wako hapa wazee waliokuwa watoto walipoona baba zao wakirudishwa njiani kwa kuikosa.

Leo hakuna avalishwaye kikasha shingoni. Makaratasi, hata hivyo, hayakupungua.

Mwaka huu tuliketi na kijana mmoja wa Kiandutu, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye mikono yake imefanya kazi hiyo karibu miaka kumi katika jua kali. Alifaulu mtihani wa mikono mbele ya msimamizi wa karakana moja, akaambiwa kazi ni yake iwapo ataleta kabla ya wiki kwisha kitambulisho, nambari ya kodi, cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, hati ya bima ya afya, akaunti ya benki na cheti cha ufundi. Kitambulisho chake kilikuwa kimepotea. Pasipo kitambulisho hakuweza kufungua akaunti ya benki, wala kuomba cheti cha tabia njema. Cheti hicho chenyewe huombwa kwa intaneti, hulipiwa zaidi ya shilingi 1,000, kisha mwombaji huenda kupigwa alama za vidole, ama katika Kituo cha Huduma, ama katika makao makuu ya wapelelezi huko barabara ya Kiambu, halafu hungoja. Na cheti cha ufundi hakupata kuwa nacho, kwa sababu aliyemfundisha kazi ni mjomba wake.

Wiki ilikwisha, na kazi ile akapewa mtu mwingine. Sisi tulimwandikia barua kwa chifu, tukaandamana naye kituo cha polisi kuandikisha upotevu, tukamwonyesha jinsi ya kuomba kufanya jaribio la ufundi la daraja la tatu, ambalo fundi aliyejifunzia kazini aweza kulifanya bila kupita darasani. Jaribio hilo husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, nasi twashangaa ni mafundi wangapi wa Thika wasiojua kwamba lipo. Baadaye aliandikwa Ruiru, kwa mshahara mdogo kuliko ule wa kwanza.

Hapa ipo sheria ambayo wanachama yapasa waijue. Mwaka 2022 Bunge lilirekebisha Sheria ya Ajira, kwamba mwajiri asimdai mtafuta kazi vyeti vya kuthibitisha kuwa hana deni wala kosa, isipokuwa amekwisha kukusudia kumpa mkataba wa kazi wa maandishi. Maana yake ni kwamba kijana hana haja ya kukopa fedha na kununua vyeti vyote kabla hata hajaitwa kuonekana. Tumewakuta vijana wanaotembea na vyeti vya namna hiyo vilivyokwisha muda wake, wamevilipia mara mbili, na kazi hawajaonjeshwa. Kwa wale waingiao viwanda vya vyakula kuna cheti cha afya pia, cha kupimwa kila miezi sita. Hicho hatuna neno nacho, kwa kuwa nasi tunakula vilivyomo mikebeni.

Jambo la pili ni gumu kuliko makaratasi, nalo huonekana dogo. Ni mwezi wa kwanza.

Mama mmoja wa Kiganjo aliandikwa katika shamba la maua. Alifurahi, nasi tukafurahi. Mshahara ulikuwa wa kulipwa mwisho wa mwezi, na hiyo ndiyo desturi. Lakini nauli ya matatu hulipwa kila asubuhi na kila jioni, chakula cha mchana hulipwa mchana, na mwanamke aangaliaye watoto mtaani hulipwa kabla mtoto hajavuliwa viatu. Siku za kwanza mama huyo alikopa kwa jirani. Kisha akakopa kwa simu, na mkopo wa simu, kama mjuavyo, huanza kudai kabla mtu hajautumia. Siku ya tisa hakwenda kazini. Katika daftari la shamba aliandikwa mtoro. Kazi ilikuwa ipo, na nguvu anazo, wala hapana aliyemfukuza. Alichokosa ni nauli ya siku kumi na saba zilizobaki.

Wako watu waliotuuliza kwa nini chama kisiende serikalini kudai kazi zenyewe, kiache mambo haya ya nauli. Tunawajibu kwa habari ya mwaka 1964. Mwezi wa Februari mwaka huo Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walipatana: Serikali iongeze watu wake kwa asilimia 15, waajiri wengine kwa asilimia 10, na wafanyakazi wasidai nyongeza ya mshahara kwa muda. Zaidi ya watu 200,000 walijiandikisha kuwa hawana kazi. Maelfu waliandikwa kweli, na tusiwanyime wakuu wa wakati ule sifa yao. Lakini habari ya kazi mijini iliwatoa wengine mashambani, na waajiri, nafasi zilipoachwa wazi, hawakuzijaza tena. Wanauchumi wawili waliopata kufanya kazi Nairobi, John Harris na Michael Todaro, walieleza mwaka 1970 jinsi kazi ziongezwazo mjini zinavyoweza kuwavuta watu wengi kuliko kazi zenyewe. Chama chetu hakina kiwanda cha kuandikia watu. Kinachoweza kufanya ni kuondoa mawe madogo yaliyo njiani. Hata Baraza la Makanisa, lilipowatazama mwaka 1966 vijana waliomaliza shule za msingi bila pa kwenda, halikungoja viwanda, bali lilianza kushughulikia vyuo vya ufundi vya vijijini, na vingi vilijengwa kwa michango ya wenyeji, watu wa hali kama yetu.

Juu ya wasioona na wenye ulemavu mwingine tuseme neno moja tu, kwa kuwa Thika ina aibu yake katika jambo hili. Shule ya wasioona ya Jeshi la Wokovu ilianzishwa hapa mwaka 1946, na shule yao ya sekondari mwaka 1967. Watoto wametoka pande zote za Kenya kuja kusoma mjini kwetu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, na ile ya 2025 iliyochukua mahali pake, zote mbili zimetaja asilimia 5 ya nafasi za kazi. Basi mwanachama mwenye duka au karakana na ajiulize kama ameandika hata mmoja.

Halafu kuna watokao gerezani. Ruiru ndiko wanakofunzwa askari wa magereza, na Thika lipo gereza, kwa hiyo hatuwezi kusema watu hao ni wageni kwetu. Wengine hujifunza useremala na ushonaji humo ndani. Wakitoka, cheti cha tabia njema huwasema kabla wao hawajasema. Maafisa wa uangalizi husaidia kwa kadiri wawezavyo, lakini mwajiri hutaka kusikia neno kutoka kwa mtu anayemjua, aliye jirani, mwenye nyumba na shamba. Mtu huyo ni mzee wa chama hiki.

Kuhusu mawakala waahidio kazi za Arabuni, tunarudia tuliyoyasema mwaka jana: kabla binti hajatoa shilingi wala pasipoti, jina la wakala litafutwe katika orodha ya wenye leseni inayotangazwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Lisipokuwamo, arudi nyumbani.

Sasa twaja kwenye shauri lenyewe. Halmashauri yaomba sehemu moja katika kumi ya mfuko wa chama itengwe iwe ya kukopesha watafutao kazi, kwa mambo mawili tu: ada za vyeti, na nauli pamoja na malezi ya watoto kwa mwezi wa kwanza. Mkopo hautakuwa na riba. Utarudishwa katika mishahara mitatu ya kwanza. Kila akopaye atakuwa na mdhamini aliye mwanachama, naye mdhamini hataruhusiwa kudhamini wawili kwa wakati mmoja.

Tunajua yaliyosemwa juu ya shauri hili. Mzee wetu mmoja, tunayemheshimu sana, aliuliza katika Halmashauri: chama hiki kilianzishwa tuzikane, kimeanza lini kuandika watu kazi? Swali hilo si la kupuuzwa. Mfuko huu umemrudisha marehemu kwao kila tulipofiwa, wala hapana aliyezikwa kwa aibu. Lakini tumeyapitia madaftari ya ada, tukaona jambo ambalo sisi makarani tulikuwa tukiliona kidogo kidogo: wengi walioacha kulipa walipoteza kazi kwanza. Mfuko wa kuzika hulishwa na mishahara ya walio hai. Mishahara ikikosekana, sanduku litakuwa tupu siku mzee huyohuyo atakapolihitaji, Mungu apishe mbali.

Tena imesemwa kwamba wakopaji watatoroka. Baadhi watatoroka. Ndiyo maana tumeomba sehemu moja katika kumi, si nusu, na ndiyo maana ya mdhamini. Imesemwa pia kwamba wenye jamaa katika Halmashauri ndio watakaofaidi. Kwa hilo tumekubali majina yote ya waombaji na wadhamini yasomwe mbele ya mkutano wa kila mwezi, pamoja na fedha waliyopewa na waliyorudisha. Anayeona haya kusomwa jina lake asiombe.

Jambo la mwisho ni barua za wazee. Waajiri wachache tuliozungumza nao walituambia kwamba barua ya mzee wa chama huisoma kwa makini, lakini imewahi kuwatokea kupokea barua tatu za mzee mmoja, maneno yaleyale, majina mbalimbali. Twawaomba wazee wetu, kwa heshima yote, wasimwandikie wasiyemjua, na wamwandikiao waseme kweli: anajua kazi gani, ameishi mtaani tangu lini, na kama aliwahi kukosa, alikosa nini na amekaaje tangu hapo. Karani atawasaidia walio na taabu ya kuandika, na barua itasomwa kwa sauti kabla mzee hajatia sahihi au kidole.

Kwa wale ambao tayari wamo kazini kama vibarua, tutaeleza siku nyingine kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007, kisemacho kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi. Saa haituruhusu leo, na akina mama wanatutazama kwa sababu chai imekwisha iva.

Daftari la watafutao kazi litakuwa mezani pa karani kila Jumanne na Alhamisi alasiri. Ajaye aje na vyeti alivyo navyo, hata vilivyochakaa, na aje na mtu amjuaye.

Bwana Mwenyekiti, twaomba sasa shauri la mfuko liwekwe mbele ya mkutano.