Kifundo Kinachouma Usiku

Leo ni zamu ya kifundo cha mguu, na uvimbe mmoja wa mfupa ambao si saratani. Madaktari huuita osteoidi osteoma. Daktari Henry Jaffe wa New York ndiye aliyeutenga kuwa ugonjwa wa peke yake, mwaka 1935.

Ni uvimbe mdogo. Kiini chake kwa kawaida hakifiki sentimita 2, mara nyingi ni kama punje ya kahawa. Hausambai mwilini. Huwapata zaidi watoto na vijana, hasa wa kiume. Lakini maumivu yake! Mchana kijana anachota maji na kucheza mpira. Usiku nyumba nzima haipati usingizi. Kiini hicho hutoa kwa wingi kemikali za prostaglandini, zinazochochea maumivu. Aspirini na ibuprofeni huzizuia, ndiyo maana akimeza kidonge anatulia, kisha maumivu yanarudi. Mzazi, hiyo ndiyo dalili ya kuishika kuliko zote.

Kwenye kifundo, mara nyingi hukaa katika talasi, mfupa ulio chini tu ya muundi. Na hapo ndipo watu hupotea njia. Kifundo kikivimba, kila mtu anasema kimeteguka. Kinakandwa, kinachuliwa, kinafungwa bandeji. Wengine wanasema mtoto amekanyaga kitu, basi anachanjwa chale. Miezi inapita, msuli wa mguu unasinyaa. Naombeni sana: mguu ulioteguka kwa kawaida hupata nafuu wiki hadi wiki. Maumivu yasiyopungua, tena yanayozidi usiku, yanadai picha.

Anzeni hospitali ya karibu, iwe Rubya, Ndolage, Kagondo au ya rufaa ya mkoa pale Bukoba. Eksirei ya kifundo wakati mwingine haionyeshi kitu, maana mifupa ya hapo imebanana. Ulizeni basi kuhusu CT skani, hata kama ni kwa rufaa ya Bugando, Mwanza. Katika picha hiyo daktari hutafuta doa dogo la giza, mara nyingi limezungukwa na mfupa mweupe mgumu, na ni yeye wa kuthibitisha kuwa si saratani.

Wengine hutibiwa kwa vidonge, ila chini ya daktari, kwani vikimezwa ovyo huumiza tumbo na figo. Wengine kiini hukwanguliwa kwa upasuaji, au huchomwa kwa sindano ya joto. Kikiisha chote, maumivu yale ya usiku huondoka ndani ya siku chache.

Mkiingia kwa daktari, msiseme tu mguu unauma. Mwambieni unauma saa ngapi, tangu lini, na ni dawa gani inayoutuliza.