Mikate Mitano ya Kijana
Jumapili ya 17 ya Mwaka B



Katika Injili ya leo, sura ya 6 ya Yohane, Bwana anauona umati mkubwa ukimjia, naye anamwuliza Filipo ni wapi itapatikana mikate ya kuwalisha. Filipo anapiga hesabu upesi: hata dinari 200 hazitoshi. Hesabu yake ni sahihi, lakini haimshibishi mtu. Andrea anatazama kwingine, anamwona kijana mwenye mikate 5 ya shayiri na samaki 2. Hata yeye ana mashaka. Bwana anaanzia pale pale, kwenye kile kidogo alichonacho kijana.

Sisi wa Tabora tunaijua vema hesabu ya Filipo. Vijana wetu wa Sikonge, Urambo, Kaliua na Uyui wanamaliza shule na kurudi kwenye tumbaku na mizinga ya nyuki. Tukiulizwa kwa nini hawafundishwi kompyuta, umeme wa jua au utengenezaji wa simu, tunajibu kwa neno moja: fedha hakuna.

Basi tuitazame njia inayopita katika nchi yetu. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaendelea hadi Ujiji na Karema. Wanyamwezi walisifika kwa kubeba mizigo katika njia hiyo. Wako waliofanya biashara yao wenyewe, lakini wengi walibeba mabegani pembe za ndovu ambazo bei yake ilipangwa mbali nao. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikaifuata njia ile ile. Leo habari na biashara hupita angani na katika nyaya. Kijana anayejua kutazama picha katika simu tu, asijue kuandika barua ya maombi wala kukagua hesabu za chama chake cha msingi, huyo bado anabeba mzigo ambao bei yake hupangwa na wengine.

Katika njia hiyo alipita mtu ambaye makatekista wote wapaswa kumjua, Adriani Atiman. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, akatekwa na kuuzwa akiwa mtoto. Wamisionari wa Afrika walimkomboa, kisha Kardinali Lavigerie akampeleka Malta pamoja na vijana wengine wa Kiafrika kusomea utabibu. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Huko alitibu wagonjwa na kufundisha dini kwa zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki mwaka 1956.

Tuzingatie jambo moja. Fedha za kumkomboa zilimpa uhuru, na fedha za kumsomesha zikampa kazi mikononi. Wafadhili wangeishia kwenye ukombozi tu, Karema isingempata tabibu wake. Huruma iliyo kamili hugharimia pia ujuzi.

Wako wasemao: tukiwafundisha, watakimbilia mjini. Ndugu, wasio na ujuzi nao wanakwenda mjini, tena wanakwenda mikono mitupu. Wazee wetu walisafiri na misafara wakati wa kiangazi, na wengi walirudi kulima mvua ziliponyesha. Anayesafiri na ujuzi ana cha kurudi nacho.

Fedha zitoke wapi? Kwanza, zipo fedha za umma ambazo ni haki yetu. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hupata sehemu ya tozo wanayolipa waajiri, na hapa Tabora ina chuo chake. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotokana na sheria ya mwaka 2006, hupata michango ya makampuni ya simu. Umepeleka kompyuta katika shule za umma na kugharimia mafunzo ya walimu. Halmashauri nazo hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Matangazo ya mambo haya hubandikwa ukutani mjini, na kigangoni hayafiki. Katekista, ukishamaliza matangazo ya ndoa, wasomee waamini na haya.

Pili, ziko fedha zetu wenyewe. Kadi za mchango wa arusi tunazipokea na kuzilipa, hata kwa kukopa. Ni vizuri kufurahi pamoja. Lakini Jumuiya Ndogo Ndogo iliyoweza kuchangia karamu ya siku moja yaweza kumlipia binti mmoja nauli na malazi karibu na chuo. Mara nyingi kinachomrudisha binti nyumbani ni kukosa mahali salama pa kulala, kuliko ada yenyewe.

Tatu, tusinunue mashine tukasahau mtu. Kompyuta isiyo na mwalimu, umeme wala fundi hufunikwa kitambaa ofisini mpaka ikaharibika. Heshima ya msaada ni kijana anayefanya kazi.

Tena, Bwana hakuishia kugawa. Aliagiza mabaki yakusanywe, kisipotee kitu, vikajaa vikapu 12. Hata muujiza ulikuwa na hesabu yake! Basi fedha ya vijana iwe na daftari lake, isomwe mbele ya waamini, na achaguliwe mwenye haja, hata kama hana mjomba katika Halmashauri ya Walei.

Injili haituambii jina la kijana yule. Yatuambia tu kwamba alikuwapo, na kwamba alichokuwa nacho hakikudharauliwa. Wiki hii kila Jumuiya imtafute kijana mmoja wa namna hiyo, imwulize anaweza nini na anapungukiwa nini. Majibu yaletwe parokiani Jumapili ijayo.

Ee Bwana, uliyepokea mikate ya mtoto, utufungue mikono, utufundishe kuhesabu kwa imani. Amina.