Usanifu Uanzie Darasani
(Mazungumzo kwa walimu wa sekondari, Nyahanga, Kahama)



Tangu mwaka 2024 shule za sekondari nchini zimeanza kuingia katika mtaala mpya unaotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023. Mtaala huo umeigawa elimu ya sekondari katika mikondo miwili, wa jumla na wa amali, na umezirudishia hadhi kazi za mikono ambazo kwa miaka mingi zilisukumwa pembeni. Hatua hiyo yastahili pongezi. Lakini waraka haufundishi. Afundishaye ni mwalimu. Hapana budi basi walimu wa ukanda huu wa dhahabu, kuanzia Nyahanga hadi Geita, wajiulize swali la msingi: somo la sanaa na usanifu lifundishwe kwa ajili gani?

Jibu limo katika ardhi wanayoikanyaga. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na Buzwagi, jirani kabisa na mji wa Kahama, ulifunguliwa mwaka 2009 ukakoma uzalishaji mwaka 2021. Taifa limejifunza mengi katika miaka hiyo. Mwaka 2019 masoko ya madini yalifunguliwa ili mchimbaji mdogo auze kwa mizani ya haki, na mwaka 2021 kiwanda cha kusafisha dhahabu kilizinduliwa Mwanza. Kuchimba, kupima na kusafisha ni hatua tatu. Hatua ya nne ni kuipa dhahabu umbo. Kipande kisicho na umbo huuzwa kwa uzito wake tu. Kikishafanywa kidani au pete, hubeba pia thamani ya jicho lililokipanga na mkono uliokitengeneza. Ipo Arusha taasisi ya Serikali, Kituo cha Jemolojia Tanzania, inayofundisha ukataji wa vito na usonara. Lakini kijana ataingiaje katika ufundi wa namna hiyo iwapo tangu darasa la kwanza hakushika penseli ila kwa kuandika?

Watu wa nchi hii hawakuanza jana kufikiri juu ya umbo. Warongo, mafundi wa chuma wa upande wa Geita, waliyeyusha mawe ya chuma kwa moto wa makaa na mivuo, na majembe waliyofua yalikuwa bidhaa ya biashara na sehemu ya mahari. Katika Usukuma wacheza nyoka walichora kuta za ndani za nyumba za chama chao, na michoro hiyo iliandikwa kitabuni na Hans Cory mwaka 1953. Bujora, karibu na Mwanza, makumbusho ya Wasukuma yanahifadhi ngoma, viti vya watemi na zana za kazi. Hayo yote ni usanifu: kupanga umbo la kitu kabla ya kukitengeneza, ili kifae, kidumu na kipendeze.

Shule ya kikoloni haikuuthamini urithi huo. Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipoanza kazi ya Urais wa Jamhuri, aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akieleza jinsi wasomi walivyofunzwa nyimbo na ngoma za wageni huku wakidharau za kwao. Mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea ilitaka shule iwe pia mahali pa kazi. Ndipo sekondari zikapewa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Sanaa haikupata mchepuo wake. Ilibaki somo la shule chache, na mahali pengi ikageuka burudani ya kusubiria kengele ya kwenda nyumbani.

Si kwamba vipaji vilikosekana. Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro, alisomea uchoraji Makerere chini ya Margaret Trowell, akaendelea London, na baada ya Uhuru akawa Balozi wa kwanza wa nchi yake huko Uingereza. Baadaye alifundisha sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga hakupata bahati hiyo ya shule. Katika mwaka 1968 hivi alianza kuchora kwa rangi za mafuta za madukani juu ya mbao za dari, na alipofariki mwaka 1972 alikuwa ameacha mtindo ambao hadi leo unalisha familia nyingi. Wapo wanaosema kwamba mfano wake unathibitisha kuwa sanaa haihitaji darasa. Wanakosea. Tingatinga mwenyewe alikuwa na wanafunzi, akawafundisha kwa mikono yake. Na kwa kila mmoja aliyejitokeza bila shule, hakuna awezaye kuhesabu waliopotea.

Somo hili basi lifundishwe namna gani? Mwalimu na aanze na kigoda. Mwanafunzi akichore kwa mbele, kwa ubavu na kwa juu, akipime, kisha aulizwe kwa nini kina miguu mitatu. Atagundua kwamba kitu chenye miguu mitatu hakiyumbi hata sakafu ikiwa na mabonde. Mwalimu wa hisabati atamalizia sababu yake. Aulizwe pia kwa nini chungu cha bibi yake kina tako la mviringo, naye ataona jinsi kinavyokaa juu ya mafiga na kupokea moto pande zote. Baada ya hapo atakiwe kubuni kigoda cha mzee mwenye magoti mabovu. Hapo ndipo kunakili kunapokwisha na usanifu unapoanza.

Mfano wa pili unagusa uhai wa watu. Wachimbaji wadogo wengi hutumia zebaki kukamatia dhahabu, kisha huichoma hadharani. Mvuke wake hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, hasa kwa watoto na mama wajawazito. Darasa lipewe kazi ya kutengeneza bango la onyo ambalo mtu asiyejua kusoma ataelewa kwa kuliangalia mara moja. Mabango yakikamilika yaonyeshwe kwa wazazi wanaofanya kazi mialoni, waulizwe wameona nini. Ambalo halikueleweka lirudiwe. Mwanafunzi atakuwa amejifunza rangi, umbo na mpangilio. Zaidi ya hayo, atakuwa amejifunza kumtumikia mtu mwingine kwa akili yake.

Husemwa kwamba vifaa hakuna. Ni kweli vifaa vyote havipo. Lakini mkaa upo, udongo wa mfinyanzi upo, maboksi ya madukani yapo, na mafundi seremala na wahunzi wa mjini wapo, ambao mkuu wa shule anaweza kuwaalika. Lisiloweza kuokotwa njiani ni mwalimu aliyesomea somo lenyewe. Huyo hana budi kuajiriwa na kupangiwa kituo, na wajibu huo ni wa ofisi zinazohusika, wala usitupwe juu ya mabega ya mwalimu wa historia mwenye vipindi tele.

Iko hatari moja ambayo watumishi wa elimu wanapaswa kuikabili mapema. Ni ile tabia ya kuwapeleka kwenye kazi za mikono wale tu walioshindwa kwingine. Mkondo wa amali ukifanywa jalala la walioshindwa, wazazi wataudharau, wanafunzi watauonea haya, na juhudi yote ya mwaka 2024 itakwenda arijojo. Kijana hodari wa fizikia aonyeshwe kwamba mchoro ni lugha ya mhandisi. Binti mwepesi wa kuchora asiambiwe anacheza.

Ndugu walimu, dhahabu ya Kahama na Geita ipo siku itakwisha, kama ilivyokwisha ya Buzwagi. Mikono ya vijana na fikra zao zitabaki. Zifundishwe sasa, wakati mchanga bado unang'aa.