Weupe Uliotulia: Namna ya Kupaka Rangi Nyeupe kwa Mkono Kwenye Mifano ya Majengo

(Maneno ya Ofisa Habari wa Halmashauri kwa wananchi na vikundi vya Kata ya Kisondela)



Kila mwaka, ifikapo tarehe 8 Agosti, wakulima na wafugaji wa Nyanda za Juu Kusini hukutana katika viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, kuadhimisha Nane Nane. Miongoni mwa vitu vinavyowasimamisha watu mezani ni mifano midogo ya majengo: banda bora la ng'ombe wa maziwa, choo bora, zahanati. Mfano hufanya kazi ambayo maelezo marefu hayaifanyi. Mfugaji asiyewahi kuona sakafu ya zege yenye mteremko wa kutolea mkojo wa ng'ombe huielewa mara moja akiiona mbele yake. Basi mfano ukipakwa ovyo, mtazamaji hulitilia shaka banda lenyewe. Atajiuliza kama tunaofundisha usafi wa maziwa tunaujua, ilhali kuta za chumba cha maziwa tulichokichonga zina mabaka na matone yaliyoganda.

Kuta hizo kwa kawaida hupakwa nyeupe, na nyeupe ndiyo rangi isiyosamehe. Leo napenda tuzungumzie kisa chake, kisha tuone tiba yake.

Kisa cha kwanza ni kipimo. Tukichonga banda kwa kipimo cha 1 kwa 20, mlango wa mita 2 huwa sentimita 10. Mbao tumezipunguza, mabati tumeyapunguza, lakini rangi haipunguki. Donge la rangi la milimita 1 juu ya mfano huo ni sawa na donge la sentimita 2 juu ya ukuta halisi. Ndiyo maana mkono uliozoea kuta za nyumba hushindwa hapa.

Kisa cha pili ni asili ya weupe wenyewe. Rangi nyingi nyeupe za siku hizi hupata weupe wake kutokana na unga wa madini uitwao titani dioksidi, ambao huficha kilicho chini kwa kuutawanya mwanga. Tabaka moja jembamba haliwezi kuificha mbao nyeusi. Hapo ndipo wengi huongeza rangi nzito ili wamalize kwa mkupuo mmoja, na hapo ndipo kazi huharibika. Aliyewahi kupaka chokaa anajua: ikiwa mbichi huonyesha ukuta, ikikauka huwa nyeupe. Rangi nayo yataka subira ya namna hiyo, tabaka juu ya tabaka.

Tuanze na uso wa mfano. Lainisha mbao kwa msasa mwembamba ukifuata uelekeo wa nyuzi, kisha futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na uache pakauke. Mbao za paina zina vifundo vyenye utomvu, na utomvu huo hupenya rangi nyeupe na kuacha doa la manjano. Paka praima ya mbao kwanza, na vifundo uvirudie mara ya pili. Boksi gumu nalo lipakwe praima pande zote mbili, kwani likinyweshwa maji upande mmoja hujikunja.

Sasa rangi yenyewe. Kwa mifano ya ndani, rangi ya maji inafaa zaidi; nyeupe ya mafuta hugeuka manjano kadiri inavyokaa mahali pasipo na mwanga. Koroga hadi chini ya kopo, maana unga wa weupe ni mzito na huzama. Chuja kwa kitambaa chembamba. Ongeza maji kidogo kidogo hadi rangi iteleze kama maziwa mabichi. Ikiwa nzito kama mtindi, bado.

Tumia brashi bapa yenye nywele laini. Chovya ncha tu, kisha ipunguze rangi kwenye ukingo wa kopo. Pitisha brashi kwa uelekeo mmoja, kila mstari ukigusana na wenzake ungali mbichi. Ukishapita, usirudi. Rangi iliyoanza kushika hukwanguka ikiguswa, na alama za brashi hubaki. Ukiona pengo, liache lisubiri tabaka linalofuata, ambalo utalipaka kwa kulikata la kwanza: la kwanza likienda wima, la pili liende mlalo. Tabaka la kwanza litaonekana baya, lisikutishe. La tatu au la nne ndilo litakaloutuliza weupe.

Baina ya tabaka na tabaka, ngoja. Kwetu Kisondela, mvua na ukungu ni wenyeji, na miezi inayotangulia Nane Nane ni ya baridi. Rangi hukauka polepole kuliko maelezo ya kopo yanavyosema. Usiharakishe kazi kwa kuuweka mfano karibu na moto wa kuni, kwani moshi huchafua weupe na joto hupindisha mbao. Paka kipande cha mbao pembeni uwe unakigusa hicho badala ya mfano. Kikikauka kabisa, pitisha msasa mwembamba sana, futa vumbi, uendelee. Basi kazi ianze mapema, wala isingoje juma la mwisho.

Jambo la mwisho ni afya. Mifano hii hushikwa na watoto. Nunueni rangi ambayo kopo lake linaeleza kuwa haina madini ya risasi, kwani risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Msasa upigwe nje, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa.

Ndugu wananchi, kopo moja dogo likitumiwa kwa tabaka nyembamba hutosha mifano kadhaa. Likimwagwa kwa haraka haliutoshi hata mmoja. Haraka haraka haina baraka. Tupeleke mezani kazi ambayo mfugaji wa mbali akiitazama atasema: banda kama hili nami nitalijenga.