Mpira Ukikutoka, Rudi



Wahitimu wa shule ya Mahoo, mkimwita kocha jukwaani, atasema ya uwanjani. Baadhi yenu mtaombwa kufundisha wasichana lakrosi huko mwendako, Voi, Mwatate au hapa hapa Taveta. Mkikubali, anzeni na kazi isiyopigiwa makofi: kurudi kukaba.

Msichana anayeanza hupenda kufunga. Mpira ukimtoka husimama, mikono kiunoni, akimtazama refa. Wakati huo mpinzani keshavuka katikati, na mbele yake kabaki kipa peke yake.

Mfundisheni hivi. Aliye karibu na mwenye mpira amcheleweshe, amwelekeze pembeni, asikimbilie kumpiga fimbo. Wengine wasiufuate mpira kama kuku wanaofuata mahindi; wakimbilie katikati, mbele ya goli, ndipo kila mmoja atafute mtu wake. Na waseme! "Mpira wangu!" "Kulia yuko wazi!" Timu bubu hufungwa.

Lakini golini si pa kujificha. Sheria ya wasichana haimruhusu beki kukaa ndani ya mstari wa mita 8 zaidi ya sekunde 3 bila kumkaba mtu aliye umbali wa fimbo. Kwa hiyo kurudi tu hakutoshi. Lazima ujue unarudi kwa nani.

Mazoezini, wanne washambulie watatu. Kipa akidaka, filimbi ilie, wale wanne wawe mabeki papo hapo. Rudieni wakiwa wamechoka, maana magoli mengi ya mwishoni huingia miguu ikiwa mizito. Jua la Taveta litawasaidia kuwachosha.

Na msidhani mchezo huu unaishia hapa: mwaka 2019 wasichana wa Kenya wa chini ya miaka 19 walicheza mashindano ya dunia Peterborough, Kanada. Olimpiki ya Los Angeles 2028 itakuwa na lakrosi ya wachezaji 6 kila upande, kipa akiwemo, na timu ina sekunde 30 tu za kupiga shuti. Kwa kasi hiyo, ajuaye kushambulia tu atakaa benchi.

Wazazi, waachieni mabinti jioni mbili kwa wiki za mazoezi. Nanyi wahitimu, kabla ya kupanda matatu rudisheni fimbo za shule stoo. Wadogo zenu wanazisubiri.