Nusu Senti ya Arlington

Katika mji wa Arlington, jimbo la Texas, baina ya Dallas na Fort Worth, mtu anayenunua sabuni au viatu dukani hukatwa, ndani ya kodi ya mauzo, nusu senti kwa kila dola kwa ajili ya viwanja vya michezo. Nusu senti haimuumizi mtu, na pengine ndiyo maana ilichaguliwa. Hukatwa shabiki, na hukatwa pia asiyejua kama besiboli huchezwa kwa gongo au kwa mguu. Mkimbizi kutoka Kongo aliyepewa makazi katika eneo hilo huilipa kama wenyeji, bila kuulizwa anashabikia timu gani.

Habari hii ilianza mwezi Januari mwaka 1991. Timu ya Texas Rangers ilitaka uwanja mpya, na wamiliki wake waliacha ijulikane kwamba huenda wakahamia kwingine. Wakazi walipiga kura, na karibu theluthi mbili wakaikubali kodi hiyo. Mji ukachangia dola milioni 135, sehemu kubwa ya gharama za uwanja, ambao ulifunguliwa mwaka 1994.

Miongoni mwa wamiliki hao alikuwamo George W. Bush, mwana wa rais aliyekuwa madarakani wakati kura ilipopigwa. Mwaka 1989 alikuwa amewekeza katika timu hiyo dola laki sita na kidogo. Mwaka 1998 timu iliuzwa kwa dola milioni 250, naye akapata karibu milioni 15. Wakati huo alikuwa tayari gavana wa Texas, na mwanasiasa aliyenadi upunguzaji wa kodi. Hapakuwa na siri katika jambo hilo; magazeti yaliliandika, na wapiga kura wakamchagua. Hata hivyo, mtu wa kawaida ana haki ya kuuliza: ikiwa uwanja uliongeza thamani ya timu, na uwanja ulijengwa kwa nusu senti ya mnunuzi wa sabuni, mgao wa mnunuzi huyo uko wapi?

Viongozi wa mji hujibu kwamba wageni kutoka Dallas na Fort Worth huja kutumia fedha zao Arlington, na kwamba deni lile lilimalizwa mwaka 2001, miaka mingi kabla ya muda wake. Hilo la deni ni kweli, na linafaa kusemwa, kwa kuwa iko miji mingine iliyobaki na deni baada ya timu kuondoka.

Wanauchumi, ambao ni nadra kukubaliana, wanakaribia kuafikiana katika suala hili. Roger Noll na Andrew Zimbalist walihariri mwaka 1997 kitabu kizima kuhusu viwanja, kodi na ajira, na hawakuona faida iliyokuwa ikiahidiwa. Sababu si ngumu kuielewa. Familia iliyotumia dola mia moja uwanjani siku ya Jumamosi haitazitumia tena sinema wala mkahawani. Fedha zimehama mtaa, hazikuzaliwa upya. Aidha, sehemu kubwa huishia kwa wachezaji na wamiliki, ambao wengi wao hawaishi hapo.

Kwa nini basi mameya hukubali? Jibu moja liko mahakamani. Mwaka 1922 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba sheria za kuzuia uhodhi wa biashara haziigusi besiboli. Tangu hapo ligi imeweza kudhibiti kwa urahisi idadi ya timu na miji zinakokaa. Leo ziko 30, moja ikiwa ya Canada, jambo ambalo halijawazuia Wamarekani kuziita fainali zao za dunia. Madhali miji inayotaka timu ni mingi kuliko timu zenyewe, kila mmiliki ana mji wa kumtishia meya wake.

Mwaka 2016 wakazi wa Arlington waliitwa tena kupiga kura. Uwanja wa 1994 ulikuwa imara, lakini haukuwa na paa, na jua la Texas, ilielezwa, lilikuwa likiwafukuza mashabiki. Jua hilo lilikuwapo pia mwaka 1991. Wakazi wakaridhia mji uchangie hadi dola milioni 500, na Rangers wakauacha uwanja wa kwanza baada ya msimu wa 2019, ukiwa na umri wa miaka 25 tu.

Uwanja mpya, wenye paa la kufunguka na viyoyozi, ulianza kutumika mwaka 2020, mwaka wa ugonjwa wa korona. Msimu wa kawaida wa ligi ulichezwa bila watazamaji. Vitini ziliwekwa picha za mashabiki zilizochapwa kwenye makaratasi magumu, nazo ziliuzwa. Madukani, nusu senti iliendelea kukatwa.